Wa Nne wa Jina Lile

Siku ya tatu tangu Mhariri akutwe amekufa chini ya ngazi, Inspekta alirudi kwenye chumba cha kadi, akafunga mlango nyuma yake, akaipanda ngazi ile mwenyewe.

Ilikuwa ngazi ya mbao yenye vidato sita, ya kufikia rafu za juu. Kwenye kidato cha nne alinyoosha mkono, akagusa kilichokuwa huko: majarida ya zamani yaliyofungwa kwa kamba, vumbi limetanda juu yake sawasawa kama unga uliochekechwa. Hakuna kidole kilichopita pale kwa miaka mingi. Akashuka, akajifuta mikono.

Mtu alipanda kufuata nini, basi? Karani wa kadi, mama wa makamo aliyefanya kazi na marehemu kwa miaka kumi na tisa, alikuwa ameshamweleza kwamba Mhariri alikuwa na magoti mabovu; hata ngazi tatu za kuingilia jengo alizipanda ameshika ukuta. Daktari naye alikuwa ameshasema lake. Kisogo kilipasuliwa na kitu kizito, bapa, cha mviringo, kisichozidi upana wa mdomo wa kikombe. Sakafu ni bapa, ndiyo, lakini sakafu haina mviringo. Magazeti yalikuwa yakiandika kwamba msomi mzee ameteleza, na Inspekta aliyaacha yaandike.

Ofisi ile ilikuwa ikitayarisha kamusi ya waandishi, wanafikra na mashujaa wa ngano. Kazi ilichukua miaka kumi na miwili na sasa ilikuwa imefika kiwandani. Kila mtu aliyeingia kwenye kamusi alikuwa na kadi yake, na kadi zilisimama kwenye droo mia moja na kumi na mbili, zimetungwa kwenye uzi mwembamba wa chuma uliopita kwenye tundu chini ya kila kadi. Huwezi kuchomoa kadi bila kufungua parafujo ya mbele. Inspekta alivuta kiti. Akafungua droo ya kwanza, akapitisha kidole juu ya chuma kutoka mwanzo hadi mwisho, akaifunga, akafungua ya pili.

Koplo wake, mtu mzima aliyebakiza miezi minne astaafu, alichungulia mlangoni, akamwona, akarudi kwenda kutafuta chai.

Kwenye droo ya arobaini na moja kidole chake kilikwaruzwa. Kipande cha karatasi ngumu, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kilikuwa kimebaki kwenye chuma. Kadi ilikuwa imenyofolewa kwa nguvu, na tundu lake limebaki nyuma. Juu ya kipande palikuwa na tarakimu moja iliyoandikwa kwa wino wa buluu: 4.

Alimwita karani. Yule mama akavaa miwani, akatazama kadi zilizotangulia, akaelewa mara moja. Watu waliotumia jina moja, alieleza, huwekwa pamoja na kupewa namba, ili msomaji asichanganye mtu na mtu. Jina hili lilikuwa gumu kuliko yote, kwa sababu ni jina la Shujaa, na kila mzazi anayetaka mtoto wa maana humpa mwanawe jina hilo. Kadi ya kwanza ilikuwa ya Shujaa mwenyewe, yule wa ngano aliyezuia jeshi zima kwenye lango la mji bila upanga, kwa maneno matupu. Ya pili ilikuwa ya malenga aliyekufa zaidi ya miaka mia iliyopita. Ya tatu ilikuwa ya mwandishi na mwanafikra ambaye nchi nzima ilimwita Nguli, aliye hai, mwenye tuzo kabati zima.

"Na wa nne?" Inspekta aliuliza.

Karani alisema hamjui. Kadi ile Mhariri aliiandika kwa mkono wake mwenyewe, miezi minane nyuma, akiwa na furaha kama mtoto aliyeokota yai. Alimwambia kwamba amegundua kosa ambalo maktaba zote zimelirudia kwa miaka ishirini na nane. Kisha baada ya mwezi mmoja hivi akaacha kulizungumzia, na kurasa za majaribio zilipotoka kiwandani, jina lile lilikuwa na watu watatu tu.

Mwezi ule kulitokea nini?

Yule mama alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa chafu. "Nguli alikubali kutuandikia dibaji," alisema.

Kitabu cha wageni kilikaa kwenye meza ya bawabu, mlango wa mbele. Koplo ndiye aliyekifungua kwenye Jumanne ya kifo, na ndiye aliyelipata jina, saa sita na dakika arobaini, mwandiko ulionyooka, herufi kwa herufi: jina la Shujaa. Aligonga ukurasa kwa kidole. Kwake yeye kesi ilikuwa imekwisha. Nguli amekuja, wamegombana, amemwangusha mwenzake, ameondoka. Fahali wawili zizi moja.

Furaha yake haikudumu. Inspekta alimuuliza Jumanne mchana mkewe alikuwa akisikiliza nini redioni, na Koplo akakifunga kitabu. Nguli alikuwa studio tangu saa sita hadi saa saba, akijibu maswali ya wasikilizaji moja kwa moja hewani; mke wa Koplo mwenyewe alipiga simu na hakupata nafasi, akanuna hadi jioni. Hata hivyo Inspekta alituma mtu kituo cha redio kuhakikisha. Jibu lilikuwa lile lile.

Basi wakamgeukia bawabu. Huyu alikuwa mtu wa maneno mengi na macho machache. Aliapa kwamba Nguli hajawahi kukanyaga pale, maana angekuja angempa mkono. Kusoma majina hakusoma, watu hujiandika wenyewe. Ila nyuso anazijua. Jumanne waliingia watu watano, na akawahesabu kwa vidole: mleta maji, mama wa posta, vijana wawili wa kiwandani, na Gundi.

"Gundi ndiye nani?"

"Fundi jalada, afande. Anatutengenezea vitabu vilivyochanika. Mzee wa watu, hana shida."

Kitabu kilikuwa na majina matano. Manne yalipata wenyewe bila taabu. Inspekta alirudisha kurasa nyuma, wiki moja, mwezi, mwaka. Kila mara fundi jalada alipokuja aliandika maneno mawili tu: fundi jalada. Jumanne hayakuwepo.

Alimuuliza bawabu jina hasa la yule mzee. Bawabu alicheka, akasema kama Gundi ana jina jingine basi mama yake alikwenda nalo kaburini.

Karakana ya fundi ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya vyumba viwili, nyuma ya safu ya maduka ya vyuma. Ilinuka ngozi na gundi iliyochemshwa. Mkewe, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, aliwakaribisha bila kuuliza wao ni akina nani, kama mtu aliyekuwa akiwangoja. Fundi alikuwa amekaa mbele ya kibanio cha mbao, anashona. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu, mgongo umepinda kwa kazi, vidole vimekauka rangi ya chai.

Inspekta alimuuliza jina. Alilitaja lote, polepole, la kwake na la baba yake.

Alikiri kwamba Jumanne alikwenda. Alipeleka vitabu vitatu vilivyokuwa tayari, akamwachia Mhariri, akaondoka akimwacha mzima. Kwa nini siku hiyo alijiandika kwa jina kamili? Alisema ni jina lake, na mtu hahitaji kibali kuandika jina lake. Alijibu yote bila haraka na bila kuinua macho kwenye uzi.

Juu ya meza palikuwa na sindano, visu, mfupa wa kukunjia karatasi, na nyundo ya kujalidi: fupi, nzito, uso wake mviringo na bapa, unaong'aa. Inspekta aliipima kwa macho, kisha akamtazama Koplo, na Koplo akatoa mfuko. Kando yake palikuwa na nakala ya mfano ya kamusi, ile ya kuonyeshwa siku ya uzinduzi, kurasa zimeshashonwa lakini haijavikwa ngozi. Kazi ya kuijalidi alipewa yeye. Alikuwa amezipitisha kurasa zote mikononi mwake, moja moja.

Chumba cha ndani Inspekta alikiona kupitia mlango uliokuwa wazi. Juu ya kitanda palikuwa na ubao wa rafu, na juu ya ubao vitabu kumi na kimoja, vyote vyembamba, vyote vya unene mmoja, vimevikwa ngozi nzuri kuliko yoyote iliyokuwa karakanani. Aliomba ruhusa, akaingia, akachukua kimoja. Jina la Shujaa lilikuwa limepigwa kwa dhahabu kwenye mgongo. Alikijua kitabu. Nani asiyekijua? Ni kile cha tafakuri fupi alichosoma shuleni, kazi ya ujana ya Nguli, hivyo ndivyo walivyofundishwa. Akafungua. Mahali pa picha ya mwandishi palikuwa na mkato ulionyooka wa kisu kikali. Akachukua cha pili. Cha tatu. Vyote kumi na kimoja vilikuwa vimekatwa ukurasa wa picha, kwa usafi ule ule, na kabla ya mkato kilibaki kile kimstari cha kutabaruku: Kwa aliyenunua karatasi.

Alipogeuka, mke wa fundi alikuwa amesimama mlangoni.

"Wewe ndiye uliyenunua?" Inspekta aliuliza.

Yule mwanamke alikipokea kitabu, akakirudisha mahali pake, akakinyoosha kiwe sawa na wenzake.

Walimchukua fundi mchana ule ule, na mpaka Jumamosi Inspekta alikuwa ameambulia patupu. Maabara ilisema nyundo ni safi. Imechemshwa kwenye maji ya gundi, haina hata unywele. Nguo hazikuwa na doa. Aliyemwona akitoka hakuona lolote. Mkubwa wake alimwita, akamwambia bila kumung'unya kwamba saini, vumbi na kipande cha karatasi si kesi. Mtu haui bila sababu. Apewe sababu au mzee arudishwe nyumbani ifikapo jioni.

Sababu ilikuwa kitabu, na kitabu hakikuwa na ushahidi. Mchapishaji wa kwanza alifilisika na kufa. Mswada wa mkono, kwa maneno ya mke wa fundi, ulikuwa mmoja tu, na fundi alimpa Mhariri miezi minane nyuma ili kadi iandikwe. Ofisini haukuwepo. Karani alikumbuka bahasha nene iliyopelekwa kwa Nguli pamoja na barua ya kuomba dibaji. Ndani yake mlikuwa na nini, hakuambiwa.

Asubuhi ile ile Inspekta alikwenda kwa Nguli.

Alipokelewa kwenye chumba kilichojaa vitabu hadi dari. Nguli alikuwa mtu wa heshima, mpole, mwenye kusikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Alimsikitikia Mhariri kwa maneno mazuri. Bahasha hakuikumbuka, huletewa nyingi. Inspekta akamuuliza juu ya kitabu chembamba, akaona jinsi mkono uliokuwa ukikoroga chai ulivyosimama, kisha ukaendelea.

"Kazi ya ujana," alisema. "Watu wanaipenda kuliko nilivyotarajia."

"Kwa hiyo ni yako."

"Kina jina la nani?"

Inspekta alimwambia kwamba jina si jibu, na kwamba angehitaji maelezo ya maandishi. Nguli aliisogeza chai kando. Pengine, Inspekta aliwaza, ndiyo mara ya kwanza mtu kumwuliza waziwazi. Kwa miaka yote alichofanya ni kutokanusha, na kutokanusha si uongo unaoandikwa mahali. Inspekta aliuliza jambo moja zaidi: kitabu kimetabarukiwa nani?

"Mama yangu," Nguli alisema. "Nadhani ni mama yangu."

Kisha akachukua kalamu, akaandika mistari sita, akasaini. Yeye ndiye mtungaji pekee wa kitabu kile.

Kwenye gari Koplo aliisoma karatasi, akapiga ulimi. Alisema ni maajabu, yule mzee mkubwa amejitia aibu bure, na bila kujua amemtoa mwenzake jela. Inspekta alikuwa ameshaliona hilo tangu wino haujakauka. Kama kitabu ni cha Nguli, fundi hakuporwa kitu. Kama hakuporwa, hakuwa na ugomvi. Sheria ilimtaka aionyeshe karatasi ile kwa wakili wa fundi, na alikuwa na nia ya kuionyesha.

Wakili, kijana wa msaada wa kisheria mwenye koti lililompwaya, aliisoma mara mbili na uso wake ukafunguka. Walikuwa wote wanne, pamoja na Koplo na fundi, kwenye chumba cha mahojiano, jua la saa tisa likipiga mezani. Alimwinamia mteja wake, akanong'ona kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: mzee, nyamaza tu. Usikubali, usikatae. Karatasi hii inakurudisha kwako jioni hii.

Fundi aliomba aione.

Alisoma kama mafundi wa kazi yake wasomavyo, akaangalia kwanza ukingo, kisha mkunjo, kisha maneno. Akaiweka chini.

"Ameandika kwamba ni chake."

"Ndiyo," Inspekta alisema.

"Na amesaini."

"Amesaini mbele yangu."

Nje mtu alikuwa akifagia, na ufagio ulisikika ukija na kwenda. Inspekta alijua kwamba neno moja likimtoka mzee yule kesi inasimama, na likimbaki tumboni kesi imekufa, na hakujua tena yeye mwenyewe anataka lipi.

"Miaka ishirini na nane," fundi alisema mwishowe, "nilikuwa nikijiambia pengine hajui. Pengine ni wachapishaji. Pengine anadhani mwenye kitabu amekufa, anaona haya kuuliza. Nimevijalidi vitabu vyake, mwanangu. Vyote. Nilivifanya vizuri." Aligusa karatasi kwa ncha ya kidole. "Kumbe anajua."

Wakili alimshika mkono. Alimkumbusha kwamba halazimiki.

"Kitabu ni changu," fundi alisema. "Niandikieni hivyo kwanza. Mengine nitawaambia."

Akawaambia. Aligundua kwamba jina lake lina watu watatu badala ya wanne alipokuwa akishona nakala ya mfano. Jumanne alijiandika kwa jina lake mlangoni kwa sababu alitaka kuingia kwa Mhariri kama mtu aliye kwenye kamusi. Hakwenda kuua, nyundo ilikuwa mfukoni kwa ajili ya kugonga migongo ya vitabu palepale, kama kawaida. Aliomba mistari minne. Hakuomba kitabu kivuliwe jina la Nguli, aliomba tu iandikwe kwamba yuko mtu mwingine pia. Mhariri hakuwa mkali. Alimwambia kwa upole kwamba wasomaji wakishazoea mtu mmoja, kuwapa wawili ni kuwachanganya, na kwamba kamusi inahitaji dibaji. Akamwambia aje wiki ijayo achukue vitabu vingine vya kushona.

"Kisha akanipa kisogo," fundi alisema. "Nikakipiga."

Mara moja tu. Ngazi aliiburuta baadaye. Kadi aliinyofoa akaondoka nayo, na Koplo, alipotumwa karakanani, aliikuta pale pale fundi alipomwelekeza: ndani ya nakala ya mfano, imeshonwa baada ya wa tatu, kwa mishono midogo kiasi kwamba polisi wawili walikuwa wameshaupitisha mkono juu yake wasiione. Ilikuwa na mistari minne. Mwaka wa kuzaliwa, kazi, jina la kitabu, na neno moja: yu hai.

Inspekta alimsomea maelezo yote. Fundi aliomba arudie sehemu ya kitabu, akairudia. Kisha akasaini, kila herufi mahali pake. Wakili alikuwa amekwisha kufunga mkoba wake, anatazama mikono yake kama mtu aliyeshikishwa kitu na kunyang'anywa.

Mke wa fundi alikuwa kwenye benchi la ukumbini. Wakili alikuwa amemwahidi, kabla ya kuingia, kwamba mumewe atatoka, naye alikuwa amekuja na koti la mumewe la kurudi nalo nyumbani. Inspekta alikaa kando yake akamweleza, kwa kuwa hakutaka aelezwe na mtu mwingine. Alimweleza pia kuhusu karatasi ya Nguli, na jinsi kunyamaza kungetosha.

Yule mwanamke alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo angetoka," alisema.

"Angetoka."

"Na alijua."

"Wakili alimwambia mbele yangu."

Alilikunja koti, mikono ndani, kama linavyokunjwa la kuwekwa sandukuni. "Mimi nilimnunulia karatasi," alisema. "Sikumnunulia jina. Jina alizaliwa nalo, na mimi nikaolewa na aliyebaki." Akasimama, akaliweka koti kwenye benchi. "Mpe. Mwambie nimekwenda."

Inspekta alibaki amekaa na koti lile mapajani. Baada ya muda Koplo alitokea kwenye korido, kofia mkononi, akasema mzee anamuulizia mkewe, anataka amwambie mwenyewe kwamba wamemwandikia. Inspekta alitoka haraka hadi getini. Watu walikuwa wakitoka kazini, wamejaa pande zote mbili za barabara, na katika migongo yote ile hakuutambua wa yule mwanamke.